Soketi Isiyo na Mahali Pake

Na Mwanadunda

Wiki hii tena kuna magari yaliyolala hapa kwetu Dunda, pwani, juu ya matofali, na kipuri kipo, fundi yupo, fedha ipo. Kinachokosekana ni soketi namba 10. Imo ndani ya salfeti ya vifaa, au chini ya kitanda, au kwa jirani aliyeiazima kabla ya Ramadhani, au imedondokea ndani ya injini yenyewe, hakuna anayejua. Salfeti hiyo sitaacha kuisema mpaka iache kuwa stoo ya vifaa vya watu wazima. Nasema hivi: kifaa ambacho hakina mahali pake, mahali ambapo kikiondoka pengo linaonekana kwa yeyote anayetazama, mwenyewe hajakimiliki bado. Amekinunua tu. Banda la gari la nyumbani, hata likiwa ni bati nne na nguzo nne uani, linastahili kupangwa kwa kanuni hiyo moja, na nyingine zote ziifuate.

Wengi wakisikia habari ya kupanga vifaa hudhani ni habari ya usafi, au ya kupendeza macho ya mgeni. Ndiyo maana wanaipuuza, kwa kuwa fundi anayefanya kazi na grisi haoni sababu ya kupamba ukuta. Lakini faida kubwa ya mpangilio ni hesabu. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na neno zito katika methali hiyo ni la mwisho. Kupotea kwa spana ni jambo la kawaida. Spana zitapotea hata kwa mwangalifu. Balaa ni kupotea bila habari, ukaja kujua miezi miwili baadaye, usiku, mvua ya masika ikinyesha, gari likiwa wazi. Ubao uliochorwa mzingo wa kila kifaa kwa rangi, pamoja na reli ya soketi zilizopangwa kuanzia ndogo hadi kubwa, ni daftari linalosomeka kwa kutupia jicho mara moja. Nafasi iliyo tupu inasema jina la kilichoondoka. Salfeti haisemi kitu. Ikiwa na vifaa thelathini au ishirini na tisa, uzito wake mkononi ni uleule.

Tazama kinachotokea soketi moja isipoonekana. Magari mengi ya barabara zetu ni ya Kijapani, na boliti zake kwa kiasi kikubwa hudai namba chache zinazojulikana: 8, 10, 12, 14, 17, 19, na 21 kwenye nati za magurudumu ya Toyota nyingi. Magari ya Ulaya huongeza 13, 15, 16 na 18. Sasa fundi ameikosa 12. Hatasimamisha kazi, ataijaribu 13, au soketi ya zamani ya nusu inchi, ambayo ni milimita 12.7. Zote mbili zitaingia kwenye boliti ya 12. Zitashika pembe peke yake badala ya kukumbatia ubapa, na nguvu ikizidi pembe zitasagika. Kisha itakuja spana malaya, kisha praizi, kisha patasi na nyundo. Boliti iliyotakiwa kufunguka kwa dakika moja sasa inakatwa au inachomelewa nati juu yake, na mwenye gari analipia saa, kipuri na uharibifu ambao haukuwamo ndani ya gari lake lilipofika. Kwa hiyo fujo ya vifaa haimhusu fundi pekee. Inalipwa na mtu mwingine, ambaye aliacha mali yake kama amana.

Anayeona nimekuza jambo dogo aangalie mahali ambapo mambo kama haya yameandikwa. Septemba 18, 1980, karibu na mji mdogo wa Damascus katika jimbo la Arkansas, Marekani, askari mafundi walikuwa wakihudumia kombora la Titan II ndani ya shimo lake. Utaratibu uliwataka watumie spana maalumu ya kupimia nguvu ya kukaza, lakini ilikuwa imeachwa ndani ya gari, nje. Kuifuata kungechelewesha kazi, basi ikatumika rachi. Soketi yenye uzito wa zaidi ya kilo 3 ikachomoka, ikaanguka zaidi ya meta 20, ikatoboa tangi la mafuta la kombora. Alfajiri yake kombora likalipuka, askari mmoja akafa na wengine 21 wakajeruhiwa, na kichwa cha nyuklia kikarushwa nje ya shimo; ni bahati kwamba chenyewe hakikulipuka. Wanajeshi wale hawakukosa vifaa. Walikosa kifaa sahihi mahali sahihi kwa dakika ile, wakafanya kile ambacho kila fundi wa uani hufanya, yaani kuchukua kilicho karibu na mkono.

Tukio la pili ni la karibuni zaidi, nalo linaongeza somo ambalo la kwanza halina. Desemba 2023 ndege ya Airbus A380 ya Qantas ilirudishwa angani baada ya ukaguzi mjini Los Angeles ikiwa na kifaa cha nailoni chenye urefu wa meta 1.25 kilichosahaulika ndani ya injini. Iliruka safari 34, saa zipatazo 294, kabla ya kifaa hicho kuonekana Januari 2024. Wachunguzi wa Australia walieleza kwamba kifaa kilijulikana kuwa hakijarudi stoo, lakini ndege iliruhusiwa kuondoka kabla utaratibu wa kutafuta kifaa kilichopotea haujaanzishwa. Kwa hiyo kuliona pengo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kulikubali pengo kuwa amri: boneti haifungwi, gari haliwashwi, mteja haitwi mpaka kila nafasi kwenye ubao ijae au ijulikane kilichoiacha tupu. Ukiwa na ubao mzuri na huna sharti hilo, umechora picha ukutani.

Kwetu kuna sababu nyingine ambayo fundi wa Dodoma haijui kwa ukali wake, nayo ni bahari. Hewa ya Dunda hubeba chumvi, na chumvi hunyonya maji kutoka hewani. Chumvi tunayopikia huanza kuyeyuka yenyewe unyevu wa hewa unapofika takriban asilimia 75, kiwango ambacho pwani yetu hukigusa mara kwa mara. Chumvi ya magnesi, ambayo nayo imo katika maji ya bahari, huanza kunyonya unyevu ukiwa takriban asilimia 33 tu, na hewa ya mwambao ni nadra sana kukauka kiasi hicho. Maana yake ni kwamba chuma kilichoguswa na upepo wa bahari kinaweza kuwa na utando wa maji ya chumvi hata siku ambayo jicho linakiona kikavu. Soketi nzuri zimepakwa nikeli na kromi kuzuia hilo. Ndani ya salfeti zinagongana kila zinapobebwa, ngozi hiyo inachubuka, na kutu inaanzia kwenye mchubuko na kutambaa chini kwa chini. Namba iliyogongwa ubavuni inafutika, na soketi ya 12 inageuka kuwa soketi ya kubahatisha.

Hapa ndipo inapokuja hoja nzito kuliko zote, na inastahili jibu lililo kamili. Watu husema ubao ukutani unaanika vifaa kwenye upepo huohuo wa chumvi, ilhali salfeti iliyoloweshwa oili chafu inavificha. Ni kweli kwamba ubao ulioelekezwa baharini utaharibu vifaa. Lakini oili chafu imebeba tindikali na chembe za chuma zilizosagika, na mafuta yoyote, hata yaliyo safi, yakipakwa juu ya chumvi huifungia chumvi ndani ili ifanye kazi yake kwa utulivu. Dawa ni kufuta kifaa kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi ya kisima au bomba, kukikausha, kisha kukipaka mafuta safi kidogo sana. Ubao uwekwe upande usiopigwa na upepo, na uwe na mlango kama kabati ili ufungwe jioni. Katika nyumba zetu za mawe ya matumbawe na chokaa, kuta hufyonza maji na chumvi, kwa hiyo ubao usigandane na ukuta. Zitangulie papi mbili nyuma yake hewa ipite. Mbao mbichi zisitumike, maana hutoa unyevu na tindikali. Sponji nayo iepukwe, kwa kuwa hunywa maji na kuyatunza.

Pwani hii haihitaji kufundishwa na mgeni kwamba chombo kinadumu kwa kutunzwa. Wajenzi wa majahazi wa ufukweni wamelijua hilo kwa vizazi vingi. Wao hutia kalafati ya pamba kati ya mbao, hupaka sifa ya papa juu ya maji na deheni ya shahamu na chokaa chini ya maji, na hurudia kazi hiyo kila chombo kinapopandishwa pwani. Hakuna nahodha aliyewahi kusema deheni ni pambo. Kinachonikera ni kwamba mtu wa pwani hiyohiyo, ambaye babu yake alijua tezo yake ilipo, keekee yake ilipo na chembeu zake ni ngapi, anaweza leo kununua boksi zima la soketi, kulimwaga ndani ya ndoo wiki ya kwanza na kulitumia boksi lenyewe kutunzia misumari.

Wako wanaosema, mimi najua kila kitu kilipo, msiniguse. Nawaamini. Lakini elimu iliyo kichwani mwa mtu mmoja humsaidia mtu huyo peke yake, tena siku ambayo hajachoka wala hajasafiri. Mtoto akitumwa kuleta namba 14 atarudi na 17, atagombezwa, na atajifunza kwamba gereji ni mahali pa kugombezwa. Mwanafunzi wa ufundi anayelelewa kwenye salfeti anatumia mwaka wa kwanza kujifunza tabia za bosi wake, si tabia za injini. Ubao wenye michoro unampa mtoto wa miaka kumi uwezo wa kurudisha kila kitu mahali pake bila kuuliza, na huo ndio mwanzo wa ufundi. Mke wa nyumbani naye, ambaye mara nyingi ndiye hukaza koki inayovuja mume akiwa Dar es Salaam, ataipata praizi.

Wengine watasema makabati ya chuma yenye droo ni ghali. Ni ghali, na hayahitajiki. Kipande cha plaiwudi kilichobaki kwa fundi seremala, misumari na kopo dogo la rangi vinatosha kwa spana, nyundo, bisibisi na praizi. Kwa soketi, chukua ubao mwembamba, utoboe, usimamishe vijiti. Tundu la mraba la soketi za rachi ya nusu inchi lina milimita 12.7, hivyo kijiti cha mviringo cha milimita 12 kitaingia bila kubana. Kwa zile zenye tundu la robo tatu ya hiyo nusu inchi, yaani milimita 9.5, kata vya milimita 9. Andika namba kwa rangi chini ya kila kijiti, kubwa, isomeke na mzee asiye na miwani. Panga kwa ukubwa, kamwe usipange kwa kampuni, na za inchi zikae reli yake mbali na za milimita, ili 12.7 isije ikajifanya 12. Kazi hiyo ni ya mchana mmoja. Boliti moja iliyosagika hugharimu zaidi.

Inabaki hofu ya mwizi na adabu ya ujirani. Kuhusu mwizi, kabati lenye kufuli ni gumu kwake kuliko ndoo iliyo wazi, na anayeiba kwenye fujo hupata zawadi ya pili: hagunduliwi mpaka njia imepoa. Kuhusu jirani, sisemi tufunge mikono. Kuazimana ni sehemu ya maisha ya Dunda, na mwenye spana anayemnyima mwenzake amekosa utu. Lakini aliyeazima aandikwe kwa chaki kwenye pengo lenyewe, jina na siku. Hapo wema unabaki wema na haugeuki kuwa ugomvi wa kukumbushana, kwa sababu ukuta unakumbusha kwa niaba ya wote wawili, na jirani mwenyewe akija kusalimia ataliona jina lake.

Basi unapotaka kujua utamwachia nani gari lako, usimuulize ana spana ngapi wala ametokea chuo gani. Muulize ni spana gani haipo leo, na iko wapi. Akikujibu hapohapo, mpe ufunguo. Akianza kupekua salfeti, ondoka na gari lako likingali na boliti zake zote.