Makuta ya kripto: picha ya mukubwa wa kampuni haitoshi

Wengi kati yetu tumeishapata ule ujumbe kwenye WhatsApp: weka dola 50, ngoja miezi mbili, utaona. Chini yake kuko picha za watu wamevaa kostimi, kila mumoja na jina, diplome na kazi alifanya mbele. Mutu anajisemea: kama wakubwa wake wanaonekana, haiwezi kuwa uongo.

Tuangalie HyperVerse. Mwisho wa mwaka 2021 ilionyesha mukubwa wake, Steven Reece Lewis: eti alisoma Leeds na Cambridge, akatumika Goldman Sachs. Hata Steve Wozniak, mumoja wa waanzishaji wa Apple, alionekana ku video akiisemea mazuri. Kisha wanahabari wa gazeti The Guardian wakafanya kazi ndogo tu: wakauliza. Leeds haikupata jina hilo kwenye vitabu vyake. Cambridge vilevile, Goldman Sachs vilevile. Mwanzo wa 2024 ikajulikana kama alikuwa Muingereza mumoja anayekaa Thailand, aliyelipwa kwa kusoma maneno mbele ya kamera. Walimupatia na kostimi, mashati, kravate mbili na viatu. Mwezi huohuo, tume ya Marekani inayochunga masoko ya mitaji ilisema mupango huo ulikusanya zaidi ya dola bilioni 1,7.

Kwa hiyo uliza. Tafuta ile picha ku Google, uone kama haiko na jina ingine pahali pengine. Andikia chuo kikuu kwa adresi yake yenyewe, hapana ile wanakupatia.

Lakini wale wanasema diplome ikiwa ya kweli basi imeisha, mimi sikubali. Ruja Ignatova, aliyeanzisha OneCoin mwaka 2014 huko Bulgaria, alisoma kweli Oxford. Alikuwa doktere wa sheria kweli. Ungeuliza, wangekujibu ndiyo. Kilichokosekana ni makuta yenyewe. Bitcoin iko na daftari ambayo kila mutu anaweza kufungua na kuona makuta yanavyotembea. Ya OneCoin, hakuna mutu wa inje aliweza kuichunguza. Ilifika mpaka Uganda, hapa jirani. Mwezi wa 10 mwaka 2017 Ignatova alipanda ndege Sofia kwenda Athens, na hajaonekana tena. Dola zaidi ya bilioni 4 zilipotea. Mwenzake Karl Sebastian Greenwood alikatiwa miaka 20 ya gereza huko Marekani mwaka 2023.

Kwetu tena, ukweli ni kwamba hatuamini hata zile picha. Tunaamini mwenye kutuletea: muchungaji, shemeji, mama wa likelemba. Lakini ndani ya likelemba unajua mulango wa kila mumoja. Huyu anayekuletea kripto, yeye pia hajawahi kuwaona. Akikuonyesha karatasi ya RCCM, ujue inasema tu kampuni imeandikishwa. Kukusanya akiba ya watu kunaomba ruhusa ya Banque Centrale du Congo. Akikuambia yeye ameishalipwa, inaweza kuwa kweli, juu wa kwanza wanalipwa na makuta ya wale wanaingia nyuma. Waliokuwa Kinshasa wakati wa Bindo, mwaka 1991, wanajua.

Umuulize basi: uliweka ngapi, na ngapi iliishaingia mukononi mwako, hapana ile inaonekana ku telefone? Na mimi nikiingia, wewe unapata ngapi?