Tangi Halikuvuja, Lilifurika

Muulize mwenye gari-nyumba huko Marekani kwa nini sanduku la pampu ya haidroliki limelowa mafuta mekundu, atakujibu kabla hujamaliza swali: tangi limechoka. Ataagiza jipya, atalipaka silikoni pembeni, atalijaza mpaka ukingoni. Safari inayofuata, sanduku limelowa tena. Sasa atamlaumu aliyemuuzia tangi.

Kwa asiyeyafahamu magari haya, ni mabasi yenye kitanda, jiko na choo, na mengi huundwa Elkhart, Indiana, na viunga vyake. Yakiegeshwa kwenye ardhi isiyo sawa, miguu mitatu au minne ya chuma hushuka kutoka chini ya fremu na kulinyoosha gari, ili mlango usijifunge wenyewe, maji ya bafuni yaelekee kwenye tundu lake, na friji ya gesi, ambayo haipendi kuinama, ifanye kazi. Mafuta yanayosukuma miguu hiyo hukaa kwenye tangi dogo la plastiki au la bati lililoshikana na pampu ya umeme. Tangi hilo husingiziwa mengi, na tiba nyingi linazopewa ndizo zinazolifanya litoe mafuta. Yafuatayo ni madai yanayorudiwa sana, na sababu za kutoyakubali.

“Mafuta yakipungua, ongeza.”

Dai hili lina sura ya busara, na ndiyo maana limewaponza wengi. Mtu amefika kambini, ameshusha miguu, gari limekaa sawa. Anafungua sanduku la pampu, anakuta mafuta yako chini kabisa ya tangi. Anaongeza. Siku ya kuondoka anabonyeza kitufe cha kupandisha miguu, na mafuta yanatoka kifunikoni na kuteremka hadi ardhini. Anaapa kwamba tangi limepasuka.

Tupige hesabu. Mguu wenye silinda ya kipenyo cha ndani cha sentimita 5 na mwendo wa sentimita 40 ukishuka wote umemeza karibu lita 0.8 ya mafuta. Miguu minne ni lita 3 na ushei. Mafuta hayo hayajapotea, yamo ndani ya miguu na yatarudi. Katika mifumo ambayo springi ndiyo inayorudisha mguu juu, yote hurudi tangini. Katika ile ambayo mafuta husukuma pande zote mbili za pistoni, sehemu yake huhamia upande wa pili, lakini ujazo uliokuwa umeachwa na fito, yaani chuma cha mguu kinachotoka na kuingia kwenye silinda, lazima urudi. Kwa fito yenye kipenyo cha sentimita 4, miguu minne itarudisha kama lita 2. Aliyeongeza lita 2 miguu ikiwa chini amelitaka tangi lipokee mafuta ambayo halina pa kuyaweka.

Kwa hiyo kimo hupimwa miguu yote ikiwa imepanda hadi mwisho. Ikiwa pampu hiyohiyo inaendesha pia vyumba vinavyosukumwa nje ya ubavu wa gari, kitabu cha mtengenezaji kitasema viwe ndani au nje wakati wa kupima, kwa kuwa silinda zake hazifungwi namna moja kwenye kila gari. Mafundi wa tipa wa Dar es Salaam na Mombasa hawahitaji kufundishwa hili: anayejaza tangi la haidroliki bodi ikiwa juu atafua ovaroli yake bodi ikishuka.

Lipo pia suala la joto. Mafuta ya haidroliki hutanuka takriban asilimia 0.7 kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi. Tangi lenye lita 8 zilizomiminwa asubuhi ya baridi, kisha joto likapanda kwa nyuzi 40, linahitaji nafasi ya ziada inayokaribia robo lita. Watengenezaji huagiza uache pengo la hewa chini ya ukingo, na kila mmoja ana kipimo chake. Ukilijaza pengo hilo kwa kudhani unajiwekea akiba, jua litakutolea akiba yote.

“Mafuta yanatokea kwenye tundu la kifuniko, basi lizibe.”

Watu wameziba tundu hilo kwa skrubu, kwa gundi, hata kwa tepu ya umeme. Wote wamelichukulia tangi kama chombo cha kubeba shinikizo. Sivyo lilivyo. Shinikizo kubwa, ambalo kwa pampu nyingi hupita psi 2,000, liko upande wa pili wa pampu, kwenye valvu, mipira na miguu. Tangi lenyewe hupumua. Miguu ikishuka, mafuta yanatoka tangini na hewa lazima iingie, na ikipanda, hewa hiyo lazima itoke.

Ukiziba tundu, miguu inaposhuka pampu hujikuta inavuta mafuta kutoka mahali pasipoingia hewa. Huanza kulia, mapovu hujitokeza ndani ya mafuta, na miguu hushuka kwa kusitasita. Miguu inapopanda, hewa iliyokosa pa kutokea husukuma gasketi, nayo gasketi ikishindwa unapata uvujaji wa kweli mahali ambapo jana palikuwa pakavu.

Tundu likitoa mafuta, pima kwanza kimo kwa namna niliyoeleza. Kikiwa sawa, tazama mafuta yenyewe. Yakiwa na povu, kuna hewa inayoingia upande wa kuvuta, na povu huchukua nafasi kubwa kuliko mafuta. Kisha toa kifuniko, kisafishe, na hakikisha kichujio chake hakijajaa vumbi la barabarani. Kifuniko kilichopotea kirudishiwe cha aina yake, maana kile cha chupa ya maji kinachoingia vizuri hakina tundu.

“Kaza zaidi, na ukishindwa paka silikoni.”

Tangi la plastiki limekazwa kwa boliti chache kwenye bamba la pampu, na katikati yake kuna oringi au gasketi. Oringi huziba kwa kubanwa kiasi. Ukiipita kiasi hicho, inakuwa bapa na kupoteza mrudisho wake, huku plastiki inayozunguka boliti ikianza nyufa nyembamba ambazo kwa siku za kwanza hazionekani. Ufa wa kweli wa tangi mara nyingi huanzia hapo kwenye boliti, na ni spana iliyouanzisha.

Silikoni ina ubaya wake mwingine. Inayobaki nje inachafua tu, lakini inayominywa kuingia ndani hukatika vipande, vikafuata mafuta hadi kwenye chujio la pampu au kwenye valvu ndogo za umeme, ambazo kipande kidogo tu kinatosha kuzizuia zisifunge. Tepu ya teflon kwenye maungio ya mipira hufanya vivyo hivyo. Maungio mengi ya mifumo hii huziba kwa oringi au kwa chuma kubanana na chuma kwenye mdomo wa paipu, si kwa nyuzi za skrubu, kwa hiyo tepu kwenye nyuzi haisaidii kitu ila kutengeneza takataka.

“Mafuta ni mafuta.”

Mafuta ya breki si mafuta hata kidogo kwa maana ambayo sili za mpira za mfumo huu zinaielewa. Yale ya DOT 3 na DOT 4 yametokana na glaikoli, na mpira wa naitraili uliozoeleka kwenye haidroliki ya mafuta ya petroli huvimba na kulegea ukiyagusa. HWH, kampuni ya mifumo hii iliyoko Moscow (ile ya Iowa, si ya Urusi), inakataza mafuta ya breki na pia yale ya jeki za mkono. Kampuni nyingine, kama Lippert, huelekeza mafuta ya giaboksi ya otomatiki ya aina ya Dexron III, na ndiyo sababu doa la uvujaji wa magari haya huwa jekundu. Kilichoandikwa kwenye tangi au kitabuni ndicho kiwekwe. Kama tayari umeweka ya breki, kumwaga tangi peke yake hakutoshi, kwa kuwa yameshafika kwenye miguu, na huenda sili zote zikahitaji kubadilishwa.

Zile chupa za dawa ya kuzuia uvujaji nitazipita haraka: hufanya kazi kwa kuvimbisha mpira. Ufa wa plastiki hauvimbi, na sili nzima zilizokuwa hazina shida nazo huvimba.

“Gari likiamka limeinama, tangi limevuja usiku.”

Hili ndilo dai linalonishangaza kuliko yote, kwa sababu ukilifuata hatua kwa hatua linajipinga lenyewe. Mguu ukishashuka, valvu hufunga na mafuta yaliyo ndani ya silinda hukatiwa njia ya kurudi. Kuanzia hapo tangi halina kazi. Unaweza hata kulimwaga lote na gari likabaki limesimama, na hutajua mpaka utakapotaka kulisogeza tena. Gari lililoinama bila tone ardhini linakuambia mafuta yametoka kwenye mguu na kurudi tangini kupitia valvu isiyofunga vizuri, pengine kwa sababu ya uchafu, au kile kipande cha silikoni. Pima kimo: utakuta kimepanda, hakijashuka.

Kabla hujaisingizia hata valvu, fikiria baridi. Quartzsite, Arizona, ndiko maelfu ya magari-nyumba huenda kukwepa theluji kila majira ya baridi, na ni jangwa. Mchana unavua koti, usiku unalitafuta. Mafuta katika mguu ulioshuka sentimita 30 yakipoa kwa nyuzi 20, husinyaa vya kutosha kuufupisha mguu kama milimita 4. Mguu mmoja ukiwa umeshuka zaidi ya mwenzake, nao utasinyaa zaidi, na gari litainama kidogo bila kitu chochote kuharibika. Tatizo hilo halina tiba ya spana. Bonyeza kitufe cha kusawazisha, unywe chai yako.

Kwa kuwa miguu inaweza kufupika yenyewe na gari likashuka, usiingie chini ya gari lililobebwa na miguu hiyo pekee, hata kwa dakika ya kutazama doa. Weka stendi za chuma zenye uwezo wa uzito huo kwenye fremu. Hapa sitanii.

“Gari lililolala halivuji.”

Gari-nyumba hulala zaidi kuliko linavyosafiri, na hapo ndipo sili huharibikia. Mpira uliobanwa mahali pamoja kwa miezi hukariri umbo hilo. Mguu ulioachwa chini huacha fito yake wazi kwa mvua na chumvi ya barabarani, kutu hupiga vidoa, na siku fito inapopanda vidoa hivyo hukwangua sili. Unyevu wa hewa inayopumuliwa na tangi hugeuka maji, na mafuta yakianza kufanana na chai ya maziwa hayana tena dawa ila kubadilishwa. Pandisha miguu unapohifadhi gari, ifanyishe kazi mara kwa mara, na ufute fito kwa kitambaa safi kabla ya kuipandisha.

“Doa liko chini ya tangi, kwa hiyo ni tangi. Nunua jipya.”

Mafuta hushuka, na kwenye gari linalokwenda upepo huyasukuma nyuma. Kwenye pampu nyingi, valvu na maungio ya mipira viko juu ya tangi au ubavuni mwake, kwa hiyo chochote kinachotoka huko huteremka juu ya tangi na kudondoka kwenye kona yake ya chini. Kona hiyo ndiyo inayolaumiwa. Osha kila kitu kwa dawa ya kutoa grisi, kausha, pulizia unga wa poda, kisha fanyisha mfumo kazi na utazame unga unaanza kulowa wapi. Tumia macho na tochi, na badala ya kidole tumia kipande cha kadibodi. Mafuta yanayotoka kwenye kitundu cha mpira wenye shinikizo yanaweza kupenya ngozi bila maumivu makubwa na kumfikisha mtu kwenye chumba cha upasuaji.

Kuna jaribio moja linaloamua kesi. Pandisha miguu yote, rekebisha kimo, weka alama ya kalamu kwenye tangi au pima kwa kijiti, tandika kadibodi safi chini, na usiguse kitufe chochote hadi kesho. Kadibodi ikilowa na kimo kikishuka bila pampu kuzunguka, hapo tangi au gasketi yake wana kesi ya kujibu. Ikibaki kavu na mafuta yakatokea tu mfumo ukishafanya kazi, angalia maungio ya upande wa shinikizo, na usisahau mota ya pampu: sili ya shafti ikifa, mafuta huingia ndani ya mota, na ukiifungua unakuta brashi zimeloa na harufu ya kuungua. Hakuna tangi jipya litakaloponya hilo.

Likithibitika kuwa na ufa, libadilishe bila kujaribu gundi, maana aina nyingi za plastiki ya matangi haya hazishikani na gundi za kawaida. Weka oringi mpya iliyopakwa mafuta yaleyale ya mfumo, kaza boliti kwa kupokezana pande mkabala hadi kipimo kilichoandikwa kitabuni, jaza kupitia faneli yenye chujio, shusha na kupandisha miguu mara kadhaa mpaka hewa iishe, kisha pima tena. Miguu ikiwa juu.