Kilobaiti 32 na Kabati la Mikataba

PEDI NA SKRINI
Na Rashidi Makungu

Novemba 2024 kampuni ya Digital Eclipse ya California iliingiza sokoni Tetris Forever, mkusanyiko wa kuadhimisha miaka 40 ya gemu maarufu kuliko zote za chemshabongo. Kazi imefanywa kwa moyo. Kuna mahojiano ya video na Alexey Pajitnov, aliyeitunga Moscow, na Henk Rogers, aliyeihangaikia mpaka ikasambaa duniani. Kuna picha na nyaraka za zamani, na gemu zaidi ya kumi na tano za kucheza. Lakini mnunuzi akiipekua orodha mpaka mwisho, Tetris ya Game Boy ya 1989 haimo, ile ile iliyouzwa ndani ya boksi moja na mashine yenyewe. Ya NES, konsoli ya Nintendo ya kuunganishwa na TV, nayo haimo. Ukumbi umepambwa, wageni wameketi, bibi harusi hayupo.

Mwezi uliofuata Nintendo ikaiweka Tetris ya NES kwenye huduma yake ya kulipia, Nintendo Switch Online. Ya Game Boy ilikuwa huko tangu Februari 2023. Kwa hiyo anayezitaka zote atalipa kwa wenyewe wawili, na kwa huyo wa pili hanunui kitu, anapanga. Siku akiacha kulipia, mlango unafungwa.

Anayedhani kikwazo ni ufundi aangalie ukubwa. Tetris ya Game Boy ina kilobaiti 32. Picha moja ya harusi inayotumwa WhatsApp inaizidi mara kadhaa. Simu ya bei ya chini kabisa pale Kariakoo ina nguvu za kuiendesha bila kupata joto. Ugumu uko kwenye makabati ya wanasheria, na kwa Tetris makabati hayo yalianza kujaa mapema.

Pajitnov aliitunga 1984 akiwa mtumishi wa Akademia ya Sayansi ya Umoja wa Kisovieti, hivyo haki hazikuwa zake. Zilikuwa za serikali, na msimamizi alikuwa shirika la Elorg. Robert Stein, mfanyabiashara wa London, akaanza kuuza leseni kabla hajakamilisha makubaliano na Moscow. Leseni hizo zikapita mkono hadi mkono, kutoka Mirrorsoft ya Uingereza mpaka Atari na tawi lake la Tengen. Mwanzoni mwa 1989 Rogers alikwenda Moscow na kaseti ya Tetris aliyokwisha kuitoa Japani. Maofisa wa Elorg walishangaa: haki za konsoli hawajampa mtu yeyote! Nintendo ikazichukua, mahakama ya Marekani ikaizuia Tengen, na kaseti za Tengen zikaondolewa madukani baada ya wiki chache tu. Wapenzi wengi wa Tetris wanasema ya Tengen ilikuwa nzuri kuliko ya Nintendo, kwa kuwa watu wawili waliweza kucheza pamoja. Pajitnov mwenyewe alianza kula jasho lake 1996, alipoanzisha The Tetris Company pamoja na Rogers.

Matokeo yake jina lina mwenyewe na programu ina mwenyewe. Nintendo iliandika gemu yake lakini haiwezi kuiuza bila ruhusa ya wenye jina, na wenye jina hawawezi kuuza programu ya Nintendo. Tetris ya Game Boy iliwahi kuuzwa kwenye duka la mtandaoni la Nintendo 3DS. Mwisho wa 2014 ikatolewa, na ikapita miaka minane kabla haijaonekana tena.

Kisa cha Panel de Pon ndicho kinachochekesha zaidi, kama mtu ana moyo wa kucheka. Ilitoka Japani 1995 kwenye Super Famicom, gemu ya vichimbakazi wadogo wenye maua na nyota. Vigae vinapanda kutoka chini, mchezaji anabadilisha nafasi za viwili vilivyo bega kwa bega mpaka vitatu vya rangi moja vipangane. Haina uhusiano wowote na Tetris, hata mwelekeo ni kinyume. Ilipopelekwa Marekani na Ulaya 1996, wauzaji wakaona viumbe wale hawatauza. Wakawaondoa, wakamweka Yoshi wa Nintendo, na juu ya boksi wakaandika Tetris Attack. Waliazima jina ili kuuza haraka. Jina hilo la kuazima limekuwa pingu: Tetris Attack haijatolewa tena kwenye konsoli yoyote. Gemu yenyewe ilirudi Marekani na Ulaya kwa mlango wa nyuma Mei 2020, Nintendo ilipoweka ile Panel de Pon ya awali, ikiwa na Kijapani chake, kwenye huduma ya Switch. Mtoto wa Chicago aliyeipenda akiwa na miaka kumi alikuwa tayari mtu mzima wa thelathini na kitu.

Muziki nao una pingu zake. Lumines ya 2004, iliyotoka na PSP, ilirudi salama 2018. Lumines II ya 2006 iko wapi? Ndani yake mna nyimbo na video za Gwen Stefani, Black Eyed Peas na wengine wakubwa, na kila wimbo una meneja wake wa kuulizwa. Haijarudi.

Tuseme wanasheria wamemaliza. Hapo vidole vinaanza kulalamika.

Katika Tetris ya NES, mchezaji akishikilia kibonye cha kushoto, kipande husogea hatua moja, husubiri fremu 16, kisha huanza kukimbia hatua moja kila baada ya fremu 6. Kwa fremu 60 za sekunde moja, kule kusubiri ni kama robo sekunde. Mchezaji mzoefu hahesabu hayo, yamemwingia mikononi. Ngazi ya 29 ikifika, kipande hushuka mstari mmoja kila fremu, yaani kutoka juu mpaka chini kwa theluthi ya sekunde. Kwa miaka mingi watu waliamini hakuna binadamu wa kuivuka. Ikaja kuvukwa, na Desemba 2023 Willis Gibson wa Oklahoma, mwenye miaka 13, alifika ngazi ya 157, gemu yenyewe ikakwama.

Kwenye hesabu za namna hiyo, televisheni ni sehemu ya gemu. TV ya kisasa huipokea picha, huipamba, ndipo huionyesha, na fremu mbili tatu zinaishia hapo. TV ya chogo haikuwa na kazi hiyo. Ndiyo sababu Classic Tetris World Championship, mashindano yaliyoanza 2010, yalijengwa juu ya NES halisi na TV za chogo. Mashabiki huzibeba uzito wote ule hadi ukumbini.

Huku kwetu kuna jambo jingine. Kenya na Tanzania zilifuata mfumo wa televisheni wa PAL kama Ulaya, fremu 50 kwa sekunde badala ya 60 za Marekani na Japani. Gemu iliyotungwa kwa 60 na kuhamishwa bila kurekebishwa hupungua kasi kwa moja ya sita, muziki pamoja na vipande. Nintendo waliirekebisha Tetris yao ya NES, wengi hawakujisumbua. Mwaka 2022 Sony ilipozindua gemu za zamani za PlayStation kwenye huduma yake mpya barani Asia, nyingi zilikuwa zile za PAL, zikitembea kama zimelala. Wateja walipiga kelele mpaka kampuni ikakubali kuongeza matoleo ya fremu 60. Ni ajabu kampuni inayouza kumbukumbu haikuuliza kumbukumbu hizo zilikuwa na kasi gani.

Yapo mafumbo ambayo hayahamishiki hata kwa nia njema. Another Code ya 2005 ilitungwa kwa Nintendo DS, mashine ya skrini mbili inayokunjwa kama kitabu. Kuna fumbo ambalo picha moja iko skrini ya juu na nyingine iko ya chini, na jibu linapatikana kwa kuikunja mashine nusu ili skrini moja ijionyeshe kwenye kioo cha nyingine. Mchezaji aliyekaa anabonyeza kila kitu, akaikunja kwa kukata tamaa, akaona jibu, haisahau gemu hiyo. Switch ina skrini moja. Another Code: Recollection ilipotoka Januari 2024, mafumbo ya aina hiyo yalitungwa upya. Huwezi kuwalaumu. Unachoweza kulaumu ni kwamba ile ya 2005 haiuzwi, na kampuni iliyoitunga, Cing, ilifilisika 2010.

Cyan ya jimbo la Washington ilifanya vizuri zaidi. Riven yao ya 1997, iliyojaza CD tano, ilirudi 2024 ikiwa imejengwa upya, waigizaji wa video wakiwa wamepisha sanamu za kompyuta. Mafumbo kadhaa yamebadilishwa makusudi, kwa sababu majibu ya zamani yamezagaa mtandaoni na wachezaji wa zamani wanayo kichwani. Uamuzi wa kijasiri, na Riven ya 1997 bado inauzwa kwa kompyuta kwa bei ndogo. Anayetaka ya kale anayo. Hilo ndilo safu hii inalodai kwa kampuni zote: badilisheni mtakavyo, ila ya kwanza ibaki rafuni.

Kwa sasa rafu ni tupu. Julai 2023 Video Game History Foundation ilionyesha kwamba asilimia 87 ya gemu zilizotoka Marekani kabla ya 2010 haziuzwi tena na wenyewe. Miezi minne kabla yake Nintendo ilikuwa imefunga maduka ya mtandaoni ya 3DS na Wii U. Na hata maduka yaliyo wazi si ya wote: Kenya na Tanzania hazimo kwenye orodha ya nchi za PlayStation Network, hivyo mchezaji wa Mombasa hujisajili kama mkazi wa kwingine na kununua vocha kwa dola. Si ajabu wengi huku waliijua Tetris kupitia vile vidude vya plastiki vilivyoandikwa Brick Game, 9999 ndani ya moja, vya betri.

Maktaba za Marekani ziliomba ziruhusiwe kuwafungulia watafiti gemu zisizouzwa tena, wakiwa mbali, kwa mtandao. Oktoba 2024 Ofisi ya Hakimiliki ikakataa, baada ya chama cha watengenezaji kudai kwamba soko la gemu za zamani lingeharibika. Soko lipi, la Tetris Attack? Kanuni hizo hupitiwa kila baada ya miaka mitatu, kwa hiyo maombi mengine yataamuliwa 2027. Kampuni zinazoona soko lipo zina muda wa kulionyesha kwa kuuza.