Msimgeuze Robeson kuwa Bosambo

Kila Paul Robeson, mwimbaji na mwigizaji Mweusi wa Marekani, anapotajwa pamoja na filamu ya Sanders of the River ya mwaka 1935, hakosi mtu wa kumtetea: masikini, alidanganywa. Aliahidiwa filamu ya kuiheshimu Afrika, akaigiza kwa moyo mweupe, kisha wakata filamu wakajifungia chumbani na kuitoa ikiwa sifa tupu za Dola ya Uingereza. Nia ya utetezi huu ni njema. Mimi nausikia kama tusi.

Visa vya Sanders vilitungwa na Edgar Wallace, na kitabu cha kwanza kilikuwa madukani tangu 1911. Msomaji hahitaji kurasa nyingi kujua nani bwana na nani mtwana: bwana shauri wa Kizungu anatawala mto mzima, machifu wanamnyenyekea. Robeson hakuwa mtu wa kusomewa barua. Alikuwa na shahada ya sheria ya Columbia, na mwaka 1930 alikuwa amecheza Othello jukwaani London.

Halafu kuna ule wimbo wa makasia. Bosambo, chifu anayeigizwa na Robeson, yumo mtumbwini, maji yanapigwa, sauti ile nzito inaongoza na wapiga kasia wanaitikia, na anayesifiwa ni Sandi, yaani bwana shauri Sanders, ubavu wake na busara zake. Mkata filamu hufyeka, huhamisha, hubandika. Kumtilia mwimbaji maneno kinywani, hawezi.

Yeye mwenyewe alisema baadaye kwamba ukoloni ule uliingizwa siku za mwisho za kupiga picha. Za kupiga picha, jamani! Basi alikuwepo.

Kilichomvuta nakielewa, na ndicho kinachonihuzunisha. Mwongozaji Zoltan Korda na watu wake walikaa Afrika miezi kadhaa wakinasa ngoma na nyimbo. Robeson siku hizo alikuwa akisoma lugha za Kiafrika London, Kiswahili kikiwemo, na zile ngoma zilikuwa za kweli hata kama kijiji cha Bosambo kilijengwa Shepperton, kando ya mto Thames. Alizipenda ngoma, hadithi akaiachia ipite. Huo ni uamuzi wa mtu mzima, na ulikuwa mbaya.

Mbona Jomo Kenyatta hatumtungii udhuru? Naye yumo humo, mmoja wa machifu wa kujaza uwanja. Alikuwa Mkikuyu aliye mbali na kwao, mfuko mtupu, akachukua kibarua. Tunacheka kidogo, tunaendelea.

Lakini Robeson lazima awe hana hatia, na ili asiwe na hatia tunamnyang'anya akili. Mtazameni Bosambo: kifua kipana, sauti tamu, tabasamu la kupendeza, na mambo yakiharibika hana la kufanya mpaka Sandi arudi kutoka likizo. Watetezi wamemchora Robeson vilevile, jitu jema lisiloelewa kinachotendeka mbele yake.

Alielewa. Ndiyo maana alipoifanya Song of Freedom mwaka 1936 alidai kwenye mkataba kauli ya mwisho juu ya ukataji wa filamu, akapewa. Na mwaka uliofuata, huku akijua yote hayo, alikuwa tena kwenye skrini akiwasindikiza wasafiri wa Kizungu katika King Solomon's Mines, akiimba.