Jirani ana kelele? Zipime kwanza

Binti yangu yuko kidato cha nne. Kila jioni akifungua vitabu, baa iliyo nyuma ya ploti yetu nayo hufungulia muziki. Mwezi uliopita alitoka chumbani akibubujikwa na machozi. Nikavaa viatu, nikaenda kumkabili mwenye baa.

Unajua alinijibu nini? "Mama, kelele za mlango hazimkoseshi mwenye nyumba usingizi." Walevi wakaangua kicheko. Nikarudi nimenywea.

Usiku huo ndipo nilipotambua kuwa lalama isiyo na nambari huonekana domo tu. Kelele hupimwa kwa desibeli, na siku hizi huhitaji mtambo wa bei ghali. Ukiwa na iPhone, iko programu ya NIOSH Sound Level Meter. Ukiwa na simu ya Android, iko NoiseCapture, iliyoundwa na watafiti wa Ufaransa. Zote ni za bure.

Fanya hivi. Vua simu kava. Simama nje mahali pamoja kila siku, hatua mbili tatu kutoka ukutani ili mwangwi usikudanganye. Usizibe tundu la maikrofoni kwa kidole, wala usipime upepo ukivuma. Pima dakika kumi, saa zile zile, kwa siku saba. Andika daftarini tarehe, saa, chanzo cha kelele na wastani. Usishike kilele pekee, kwani pikipiki moja ikipita itakupotosha.

Jihadhari pia na hesabu, maana desibeli si shilingi. Zikiongezeka 10, nguvu ya sauti imekuwa mara 10, na sikio huihisi kama imezidi maradufu.

Sheria yasemaje? Kanuni za kelele za mwaka 2009 zinaruhusu desibeli 50 nje ya nyumba za makazi mchana, na 35 usiku, kuanzia saa mbili. Palipochanganyika nyumba, maduka na sehemu za burudani, mchana ni 55, lakini usiku ni 35 zile zile.

Daftari langu lilionyesha 61 Jumanne usiku na 68 Ijumaa. Nilikuwa nikijipiga kifua, binti yangu alipoileta simu sebuleni. Televisheni yetu: 66! Kweli nyani haoni kundule. Tukaipunguza siku hiyo hiyo.

Kisha majirani wa nyumba nne wakapima kwao, tukamwendea yule bwana pamoja, bila matusi. Aliyapitia madaftari, akanyamaza. Kesho yake akageuza spika zilizokuwa zikitazama ploti yetu. Jumanne iliyopita nilipata 52. Bado ni juu ya sheria, lakini msichana anasoma.

Je, wako akikataa? Pelekeni daftari kwa ofisi ya kaunti, maana Katiba ya 2010 iliipa kaunti jukumu la kudhibiti kelele, au kwa NEMA. Simu yako si kipimo rasmi, kwa hivyo waombeni maafisa waje na chao, na muwaonyeshe siku na saa ambazo kelele huzidi. Hapo hawatapoteza safari.

Lakini kabla hujatoka mlangoni, pima sebule yako. Tukutane Jumapili ijayo.