Mpigaji wa Besiboli Hapimwi kwa Namba Moja

Mashabiki wa besiboli Marekani wakianza kubishana mitandaoni, silaha ya kwanza ni wastani wa upigaji. "Jamaa ana .240, hamna kitu!" Mjadala umefungwa. Haraka ya nini?

Wastani huo una upofu wake. Mpigo wa kufika besi ya kwanza tu na ule wa kuvusha mpira nje ya uzio, vyote unavihesabu sawa. Mrushaji akimpa mpigaji besi ya bure, ndiyo haihesabiwi kabisa.

Mcheki staa mmoja wa San Francisco, msimu wa 2004. Alipewa besi za bure mara 232, na 120 kati ya hizo ni za makusudi: wapinzani waliona bora apite kuliko apige. Katika zamu 617 alifika besi mara 376, zaidi ya nusu. Wastani wake wa .362 ulikuwa mkali, ila woga wa wapinzani haukuonekana humo.

Kwa hiyo kabla ya kumponda mtu, uliza: anafika besi mara ngapi, na mipigo yake inafika wapi? Mkataba na heshima ya mchezaji visiamuliwe na namba inayoona nusu ya kazi.