Kijibwa Kimekuwa Mbwa: Nani Mwenye Hatia?

Ndugu msomaji, najua utashangaa kuona ukurasa huu leo unazungumza habari za mbwa. Utasema: Muislamu wa Pwani na kijibwa cha kupakata, wapi na wapi? Nakuomba subira kidogo, kwani neno lenyewe si la mbwa peke yake. Ni neno la bei na amana, na la kiumbe cha Mwenyezi Mungu kisicho na ulimi wa kujitetea.

Kibarani ninakokaa ni jirani ya mji wa Kilifi, na vijana wetu wengi hutafuta riziki katika majumba ya wageni hapa Kilifi, Watamu na Malindi. Wamo mabawabu, wapishi na watunza bustani. Baadhi yao huombwa na matajiri wao wawatafutie kijibwa kidogo cha mbegu ya kigeni. Basi kijana huwa dalali: hupokea picha kwa simu, hupeleka fedha, huletewa kijibwa kikapuni, naye akaambulia chochote. Maneno ya muuzaji huwa matamu: huyu ni mdogo wa wadogo, hatazidi kilo mbili maisha yake yote, utamtia mkobani ukenda naye utakako.

Mwaka ukipita, kijibwa kimekuwa mbwa wa kilo sita, hakienei mkobani wala mapajani. Hapo ugomvi huzuka. Mnunuzi husema, "Nimeibiwa." Muuzaji husema, "Nilikuuzia mbwa mzima, wewe ukamlisha kupita kiasi. Na kukua ni kazi ya Mungu." Ama dalali, ambaye ndiye mtoto wetu, huulizwa na huyu na huyu, na kazi yake ikawa hatarini. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi.

Tuanze na ilimu, ndipo tuhukumu. Vyama vya wafugaji wa mbwa vina vipimo vyao. Kipimo cha Marekani cha mbwa aitwaye Chihuahua ni kuwa asizidi ratili 6, yaani kama kilo 2.7, na Yorkshire Terrier asizidi ratili 7, yaani kama kilo 3.2. Lakini vipimo hivyo ni vya maonyesho, vya kumwongoza mwamuzi ajue nani astahili tuzo. Si ahadi kuwa kila mwana atakayezaliwa atasita hapo. Na lile jina la "mbwa wa kikombe cha chai", ambalo wauzaji hulipenda mno, si jina la mbegu yoyote. American Kennel Club haiitambui. Ni jina la sokoni, kama vile muuza kitambaa anavyokiita hariri kitu kisichopata kumwona nondo wa hariri.

Hapa kwetu iko East Africa Kennel Club, mjini Nairobi, iwekayo daftari la mbwa wa mbegu. Daftari kama hilo hukujulisha mbwa kazaliwa lini na wazazi wake ni nani. Halikwambii atakuwa na uzani gani akishakomaa, kwani hilo halijulikani siku ya kuzaliwa.

Kwa nini halijulikani? Mwaka 2007 wataalamu walitangaza katika jarida la Science kuwa wameona jeni moja yenye nguvu kubwa katika kumfanya mbwa awe mdogo. Lakini jeni hiyo haiko peke yake. Ziko nyingine nyingi, kila moja ina fungu lake. Kwa hivyo wana wa uzao mmoja, wa baba mmoja na mama mmoja, mmoja huweza kurudi kwa babu yake mkubwa na mwingine akabaki mdogo. Mbwa wa mbegu ndogo hukomaa mnamo miezi 9 hadi 12. Muuzaji mwaminifu huweza kukadiria, akatazama wazazi, umri na uzani wa leo. Kuapa hawezi. Anayeapa, ama hajui asemalo, ama anajua na anakudanganya.

Kwani hila zipo, tena si za siku moja. Mtoto wa wiki 6 huambiwa mnunuzi kuwa ana wiki 12. Naye humtazama akastaajabia udogo wake, na kumbe ni mchanga tu. Wengine huwanyima watoto chakula wasinawiri kabla ya kuuzwa. Kijibwa kilichoachishwa ziwa mapema, chenye minyoo na njaa, sukari ya damu yake huweza kushuka ghafla kikatetemeka, kikaanguka, na pengine kikafa. Mnunuzi hudhani kaletewa johari, na aliyeletewa ni mgonjwa.

Aliyesoma chuoni akafika mlango wa bei atakumbuka habari ya mnyama wa musarrat. Ni ngamia au mbuzi aliyeachwa siku kadhaa pasi na kukamwa, ili kiwele kijae na mnunuzi adhani ana maziwa mengi. Mtume, swala na salamu zimshukie, alimpa mnunuzi wa mnyama huyo khiyari: akitaka amweke, na akitaka amrudishe pamoja na pishi ya tende kwa maziwa aliyoyakama. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Basi nitazamieni: kiwele kilichojazwa kwa hila, na kijibwa kilichodumazwa kwa hila, vina tofauti gani? Kule ni wingi wa uongo, huku ni udogo wa uongo. Dhambi ni moja.

Sisemi haya ili kuihalalisha biashara yenyewe. Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu Pwani, hawaisahihishi bei ya mbwa. Mahanafi wao wameruhusu kuuza mbwa mwenye manufaa. Kijana anayetaka kuingia katika udalali huu na aende kwanza kwa sheikh wake. Mimi nazungumza juu ya udanganyifu, na huo haukuruhusiwa na madhehebu yoyote, awe anayedanganywa ni Muislamu au si Muislamu.

Na asiyetaka kusikia habari za mbwa, na atazame mbuzi. Beberu wa Galla, wale weupe wa kaskazini, akikomaa huweza kufika kilo 60, hali mbuzi wetu mdogo wa kienyeji huwa kama nusu yake. Mkulima wa Kibarani akiuziwa kitoto cheupe akaambiwa ni Galla halisi, hungojea mwaka, akaona mbuzi wake ni yule yule wa bibi yake, ila ana rangi nyeupe. Yule wa mjini analalamika mnyama kakua mno, huyu wa shamba analalamika hakukua. Wote wawili wameuziwa kesho, na kesho haina mwenyewe isipokuwa Mola.

Je, wakashitaki wapi? Wengi wetu hukimbilia kwa kadhi, lakini Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 170, imeiwekea mahakama hiyo mipaka: hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu. Mambo ya bei hayamo. Iko Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, isemayo kuwa kitu kilichouzwa kwa sifa sharti kilingane na sifa hiyo. Iko pia Sheria ya Kuwalinda Wateja ya mwaka 2012, inayohesabu maelezo ya uongo ya muuzaji kuwa ni mwenendo usio wa haki. Na Mahakama za Madai Madogo, zilizowekwa kwa sheria ya mwaka 2016, zilianza kazi Nairobi mwaka 2021, kisha zikafika na kwingine, Mombasa ikiwamo. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na mtu huweza kusimama mwenyewe bila ya wakili.

Lakini hakimu atauliza: sifa hiyo iliandikwa wapi? Hapo ndipo wengi hunyamaza. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na Kurani katika Suratul Bakara imetuusia kuandikiana deni. Basi na iandikwe: siku ya kuzaliwa, uzani wa leo, wazazi wake na uzani wao, chanjo alizopata, na fedha zitarudi kwa sababu gani. Mnunuzi na amwone mama wa mtoto kwa macho yake, na daktari wa mifugo amtazame meno, kwani meno husema umri vizuri kuliko muuzaji. Na dalali asibebe neno asilolihakikisha. Aseme, "Haya ni maneno ya mwenyewe, mimi sikuyaona." Neno hilo moja litamwokoa.

Sasa nije kwenye lile linalotuhusu sote, hata asiyekaribia nyumba yenye mbwa. Ugomvi ukishindwa kwisha, mnyama hutupwa. Mnunuzi hamtaki kwa kuwa kakua, muuzaji hampokei, naye hufunguliwa mlango usiku akawa mbwa koko. Huzurura majiani petu bila ya chanjo, huumwa na wenzake, huzaa. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mwanadamu, karibu hakuna aponaye, na takriban watu wote wanaoupata ugonjwa huo huupata kwa mbwa. Kenya ilipanga, tangu mwaka 2014, kuvikomesha vifo hivyo ifikapo mwaka 2030. Mpango huo hauwezi kutimia ikiwa kila aliyechoshwa na mbwa wake humtupa mlangoni kwa jirani. Na mtoto akiumwa na mbwa, jeraha lioshwe kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha akimbizwe hospitali akachanjwe; asingojewe apone.

Basi nani mwenye hatia? Muuzaji aliyeonyesha wazazi, akataja umri wa kweli, akasema "nakadiria", kisha mnyama akazidi kidogo, huyo hana lawama. Aliyeapa kwa asilolijua, au akaficha umri, na arudishe fedha za watu. Mla mbuzi hulipa ng'ombe. Lakini mnunuzi naye asijione msafi. Aliyemtupa kiumbe kwa kosa la kukua amefanya dhulma kuliko aliyomtendea muuzaji. Sote tumefunzwa habari ya yule aliyesamehewa dhambi zake kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Mbwa yule hakuulizwa uzani wake.